Malimbuko ya Uzi Mpya

"Mama Kagwe, huu uzi umeutoa wapi?"

Warigia aliniuliza hivyo nje ya kanisa letu hapa Gitothua, Jumapili ya malimbuko, akiwa amejifunika shali niliyoifuma mimi, aliyoinunua kwenye mnada wa sadaka dakika chache tu zilizopita. Wengine walikuwa wanatoka na ndizi na maboga, na mzee mmoja alikuwa anakimbizana na jogoo wake karibu na tangi la maji. Warigia ni jirani yangu, ploti yao na yetu ukuta ni mmoja. Anafundisha kufuma kwa simu. Anaweka picha na video, na wanaomfuata ni wengi, hata wa Kisumu na Mombasa.

Ningeweza kumwambia nimesahau. Lakini sijazoea uongo, na kitabu cha nyimbo kilikuwa bado mkononi.

"Umetoka kiwandani Thika," nikamwambia. "Haujafika madukani. Ni sampuli."

"Kai! Na hii rangi inajigeuza yenyewe?"

"Yenyewe. Hukati uzi, hufungi fundo. Kijani inafifia polepole mpaka inakuwa nyeupe, halafu inarudi."

"Wewe mama umenyamaza hivyo na unakalia dhahabu!" Akacheka, akanyoosha shali juani, akapiga picha. Nikaenda kumsaidia yule mzee na jogoo.

Tangu Bwana alipomwita mume wangu, miaka kumi na mmoja sasa, kitu cha kwanza cha mkono wangu sikili mimi. Hindi la kwanza, yai la kwanza, vyote ni vya madhabahu. Kwa hivyo Emmah aliponiletea uzi ule nifume sweta za kupigwa picha, pamoja na madonge ya kujaribia mkono, nilijua hayo ya kujaribia ni ya nani. Nikafuma shali, nikaipeleka mbele ya Mungu, ndiyo nikaanza sweta za kampuni.

Emmah anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Alisimama langoni pa kiwanda akitafuta kibarua miaka minne, jua na mvua, kabla hawajamwandika kabisa na kumpa ufunguo wa stoo ya sampuli. Ufunguo huo anauvaa shingoni kama msalaba. Yeye ndiye aliyewaambia kuna mama Ruiru ana mkono mzuri.

Uzi ulikuja na karatasi ya Kiingereza kizito, kurasa tatu. Emmah alikuwa amechelewa, gari la kazi linapiga honi barabarani.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Mathe, ni stori mingi tu. Inasema usiuze. Weka sahihi hapa chini."

Nikaweka. Na mimi sikuuza. Kutoa si kuuza. Kwamba kanisa lingeinadi, hata sikuliona kama kuuza. Nililiona kama sadaka iliyotolewa mara mbili.

Jumanne wakili wa kampuni akamwandikia Warigia barua: aondoe picha, la sivyo atashtakiwa. Warigia akaogopa, akaiondoa. Lakini kabla ya jioni alikuwa ameiweka ile barua yenyewe, na chini yake ameandika, "Jamani, nimekosea nini, nimenunua shali kanisani." Basi! Watu ambao hawajawahi kushika sindano wakaanza kuuliza uzi wenye wakili ni uzi gani. Hiyo ilikuwa kama kuzuia uji unaofurika kwa kiganja. Na maduka ya Thika na hapa Ruiru yakaiambia kampuni hayachukui tena uzi wa zamani, yanangoja ule wa kujigeuza.

Jumatano Emmah akaja kwangu, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wanatafuta aliyeutoa," akasema. "Stoo ni yangu, mathe. Watanikula mimi."

"Basi kesho nitaenda niseme ni mimi."

"Usiende. Ukienda utasema ukweli wote."

"Kwani kuna nusu?"

Akaamka akaenda kwake.

Nilifunga hiyo Alhamisi, sikutia kitu kinywani. Nikavaa gauni la ushirika wa akina mama, nikabeba sweta zilizobaki, nikaenda Thika. Njiani niliomba kitu kimoja tu, kwamba hasira yao, kama ipo, inishukie mimi.

Ofisini walikuwa watatu. Mzee Ramniklal, mwenye kiwanda, amekaa nyuma ya meza na kikombe cha chai. Mwanawe Amar amesimama dirishani na simu. Reshma, mke wa Amar, alikuwa ameketi na madonge ya ule uzi mapajani. Ni yeye aliyeubuni. Emmah aliniambia aliuhangaikia miaka miwili, akitia rangi na kumwaga. Emmah mwenyewe walikuwa wamemwita, alikuwa amesimama kando ya mlango.

"Shali ni yangu," nikasema kabla sijaambiwa nikae. "Niliifuma, nikaipeleka kanisani kama malimbuko. Jirani akaniuliza, nikamwambia ulikotoka. Emmah hakujua."

"Malimbuko," Amar akasema. "Baba, umesikia? Miezi mitano kabla ya maonyesho ya kuuzindua, malimbuko!"

"Ngoja," mzee akasema. "Hata sisi sanduku ya kwanza tunapeleka hekalu. Hiyo naelewa. Mama, kaa chini. Chai?"

"Nimefunga, mzee. Asante."

Reshma akaniuliza kama shali ilipendwa. Kwa kweli hicho ndicho alichouliza kwanza.

"Waliigombania," nikamwambia. "Mwenyekiti wa wazee aliitaka ya mke wake, Warigia akamshinda."

Akacheka kidogo, halafu akamgeukia mume wake. "Si nilikwambia? Watu wameona kitu wamekipenda, wewe unawatumia wakili. Hao ndio wanunuzi wetu, Amar! Tuwaambie ukweli. Ndiyo, ni uzi wetu, umetoka mapema, asanteni kwa kuupenda. Tumwombe yule jirani msamaha. Halafu tuuze sasa, tusingoje maonyesho."

"Na kesho kila mtu ajibebee sampuli?"

"Kwani wakili amerudisha nini? Amerudisha hata uzi mmoja?"

Walibishana hivyo, mara kwa Kigujarati, mara kwa Kiswahili. Mimi nilimwangalia mzee. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akaweka kikombe.

"Tutafanya ya Reshma," akasema. "Uzi utoke mwisho wa mwezi. Barua kwa yule jirani, ya msamaha, mimi mwenyewe nitaweka sahihi. Na mama huyu aendelee kufuma. Hana makosa, ametoa kwa Mungu."

Nikasema asante moyoni. Nilimwangalia Emmah, nikaona mabega yake yameshuka. Nilidhani imeisha.

"Sawa," Amar akasema. "Lakini ile karatasi? Hii si hasira, baba, hii ni kujua tu. Mama, uliweka sahihi kwamba hutaonyesha mtu, hutampa mtu, hutasema. Ulisomewa?"

Nilisikia mashine chini, zile za kusokota, hazikomi. Emmah alikuwa ananiangalia, na macho yake hayakuniomba kitu. Alikuwa ameshajua.

"Mama," Amar akarudia, sauti ya chini. "Emmah aliandika hapa kwamba amekusomea yote kwa Kiswahili. Alikusomea?"

Nilitafuta neno ambalo si uongo na si lile la kumponza Emmah. Nimeishi miaka sitini na tatu, sikulipata.

"Aliniambia nisiuze," nikasema.

Reshma akafumba macho. Mzee akakitazama kikombe kitupu.

"Alikuwa amechelewa," nikasema haraka. "Gari lilikuwa linamngoja. Mzee, mimi ndiye niliyetoa. Mnifukuze mimi."

"Wewe hatuwezi kukufukuza, mama," mzee akasema, na hakuwa mkali. "Wewe hujaandikwa hapa. Yeye aliandikwa kwa hiyo kazi moja, kuchunga sampuli. Na ameandika kitu ambacho hakufanya."

"Mzee, tafadhali. Kwa ajili ya Mungu yule mnayempelekea sanduku la kwanza."

Reshma alinyoosha mkono, akaniwekea donge la uzi mpya mapajani, nadhani alitaka kunituliza. Sikujua niliweke wapi.

Emmah akasogea mezani. Akainamisha kichwa, akavua kamba shingoni, ikanasa kidogo kwenye nywele, akainasua. Akaweka ufunguo karibu na kikombe cha mzee, taratibu, usigonge kioo cha meza.

"Emmah, maitu, mama yangu," nikamwita.

Akapita mbele yangu, akafungua mlango, akatoka.