Miaka Aliyopewa na Karani

Mchumba wangu Marie-Jeanne alikataa kusimama mbele ya padri akiwa na umri wa kupewa. Alipoingia Uganda kutoka Kongo, cheti chake cha ubatizo kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba, naye alikuwa na homa kali, hata kuongea hawezi. Karani wa kusajili wakimbizi akamtazama usoni, akakisia, akamwandikia kitambulisho kilichomzidishia miaka tisa. Leo kadi inasema ana hamsini na minne. Karani huyo akija soko la Owino ninaposhona, nitamkatia suruali fupi na pesa sirudishi.

"Miye nilizaliwaka tarehe tisa mwezi wa nane," aliniambia. "Niko na miaka makumi ine na tano. Siolewi na miaka ya mutu mwingine."

Ofisi ya wakimbizi ilitaka ushahidi ndipo ibadilishe kadi, naye hakuwa nao. Ndipo akasikia kwamba kituo kimoja cha afya karibu na kwake Kawempe kina watafiti wanaosoma umri kwenye damu. Akaona huo ndio ushahidi wake. Nami nikatoa mkono nitobolewe, kwa uchokozi tu.

Muuguzi, Anena, alimhoji saa nzima nikiwa nimekaa kando. Usiku hupata usingizi wa saa ngapi? Nne, tano. Kazi? Kuchoma mahindi kwenye mkaa, huu mwaka wa kumi na mbili. Magonjwa? Malaria, taifodi, na njaa ya msituni. Nilijua mwanawe Tresor alifia njiani wakikimbia. Sikujua kwamba alimbeba mgongoni siku mbili zaidi, akitafuta mahali pazuri pa kumzika. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Mimi wa miaka hamsini, ambaye kazi yangu ni kukaa na kupiga domo, mwili wangu ulisomeka arobaini na saba. Wake ulisomeka hamsini na mitatu. Karani alikuwa amekosea mwaka mmoja tu.

Marie-Jeanne aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye pochi, akaniambia nitafute mwanamke ambaye bado ana nguvu. Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliniuma.

"Mama, damu haijui mwaka ya kuzaliwa," Anena akamwambia. "Tunaangalia alama ndogo ndani ya chembe za mwili. Moshi inazibadilisha, ugonjwa, kukosa usingizi, mawazo mingi. Wewe umezaliwa ile mwaka unasema. Lakini mwili imefanya kazi sana."

"Hiyo miaka ya mwili itarudi nyuma?" nikauliza.

"Labda kidogo. Sitaki kukudanganya. Apumzike, na awe mbali na moshi."

Tulitembea hadi kwake, anapochomea mahindi mlangoni. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya sigiri, lile jiko lake la mkaa, asiiwashe. Nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakanipotea yote. Nikamwambia nampenda, kwamba kama ni hamsini na mitatu tutaanzia hapo hapo, na kwamba pale Owino nina cherehani ya pili ambayo haina mtu wala moshi.

Akaniinulia uso.

"Papa Ogutu," akasema, "karani hakunipatia hii miaka. Ni miye niliilipia. Ile njia. Ile homa. Tresor." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ni yangu yote. Padri aandike vile kadi inasema."

Nilimshika mikono, ile mikono yenye makovu ya makaa, na sikuona haya kulia mbele ya wateja wake wawili waliokuwa wamesimama wakingoja mahindi.

"Na tarehe tisa mwezi wa nane?" nikamuuliza.

"Ile usipeleke ku ofisi," akasema. "Aliijuaka mama yangu peke yake. Sasa uijue weye."