Sikio la Shangazi Fukusi

Mtu anayetaka kukatazwa jambo huchagua mwenyewe mlango wa kubisha hodi. Mwalimu wa biolojia alichagua wa shangazi yake, na alijiona amepatia. Nani angejua ubaya wa shahada ya uzamivu kuliko mwanamke aliyeisotea mpaka mvi zikamwota, akaipata kwa kuchunguza wadudu wa mahindi, na shukrani yake ikawa kuitwa Shangazi Fukusi na ukoo mzima? Mtaani walipoanza kumwita Daktari, jirani mmoja alimjia na jino linalomuuma.

Mambo yenyewe yalikuwa mawili, na hayakukaa chungu kimoja. Chuo kikuu kilimpa Mwalimu nafasi ya kusomea shahada hiyo. Shule nayo ilimpa unaibu, na mkuu wa shule alitaka jibu kabla ya jioni. Mama yake hakumung'unya maneno: "Mwanangu, mtaka yote hukosa yote. Shika cheo hicho. Kusoma umesoma, au unataka uwe kabati la vitabu?" Mwalimu alikuwa amechoka kuwaza. Alitaka mwenye shahada amwambie haina maana, roho yake itulie.

"Shikamoo, Sha..."

"Shh!"

Shangazi alikuwa amepiga magoti stoo, sikio kalibana kwenye gunia la mahindi. Mkono mmoja ulikuwa juu, kiganja wazi: nyamaza. Mwalimu akasimama na mkoba wake, hata kukaa akaogopa.

"Marahaba," shangazi alisema hatimaye, akijifuta vumbi shavuni. "Hili liko salama. Kimya kabisa."

Akaeleza huku akilifungua. Fukusi hutaga yai ndani ya punje, buu likaanguliwa humo humo na kula kwa raha zake. Kwa nje punje inang'aa, mwenye mali anatabasamu. Siku tundu linapoonekana, mali imeshaliwa. Lakini buu likitafuna husikika, na huo ndio uliokuwa uzamivu wa shangazi: kumsikia mwizi kabla hajatoboa ukuta. Mwalimu alikuwa akiyasikia hayo kwenye vikao vya ukoo, watu wakicheka. Hakuwahi kuyasikia kwa mwenyewe.

"Shangazi, niambie kweli. Kusoma kote kule, kulikulipa?"

"Shika wembe. Pasua hizi."

Punje ya kwanza ilikuwa nyeupe, safi. Ya pili ilikuwa na buu nene limejikunja. Ya tatu vilevile. Mwalimu akaona aibu kwa niaba ya shangazi yake. Gunia lile lile lililotangazwa salama! Akasubiri kisingizio: kelele za barabarani, masikio, uzee.

"Nimekosea!" Shangazi alipiga makofi, macho yakiwaka. "Umeona? Nimekosea kabisa! Wamo, na wamenyamaza. Kwa nini wamenyamaza?"

Mwalimu aliweka wembe chini, akamtazama. Tangu aanze kufundisha hakuwahi kumwona mtu mzima akifurahia kosa lake. Yeye mwenyewe akiulizwa darasani asilolijua husema "hilo halimo kwenye mtaala," kisha hufuta ubao haraka haraka. Alimwonea shangazi fahari kubwa, na kijicho kidogo pia, tusidanganyane.

"Ukuta," alijikuta anasema. Aliugusa pale gunia lilipoegemea. Ulikuwa upande usiopata jua, na ulikuwa baridi. "Labda wamepoa. Mdudu akipoa hatafuni sana."

"Labda si jibu," shangazi alisema, lakini tayari alikuwa anachota mahindi na kuyatia kwenye chupa ya mdomo mpana. "Haya, tuone."

Mwalimu aliitega chupa juani, uani. Wakakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, shangazi akimenya chungwa bila haraka.

"Hujanijibu, Shangazi."

"Kama kulinilipa? Sijui, mwanangu. Cheo sikupata, na jina mmenipa la mdudu. Mimi nilitaka kuwajua wale wanaokula gizani. Mpaka leo nataka." Alimkatia kipande. "Wewe unataka kujua nini?"

Chupa ilipopata joto Mwalimu aliiinua, akaiweka sikioni. Mwanzo alisikia mapigo ya moyo wake tu. Kisha, kwa mbali, krr. Krr, krr. Kama mtu anayekanyaga changarawe kwa kunyata. Mwili ukamsisimka. Jambo lile, muda mfupi uliopita, hakuna aliyelijua ndani ya nyumba ile, hata Shangazi Fukusi. Je, wakirudishwa baridini watanyamaza tena? Na wakizoea baridi?

Shangazi alifungua mdomo aulize. Mwalimu akainua mkono, kiganja wazi. Shangazi akaufunga mdomo, akacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika.

Simu ikaita. Alikuwa mkuu wa shule.

"Mkuu, nashukuru sana kwa heshima mliyonipa," Mwalimu alinong'ona, chupa bado iko kwenye sikio la pili. "Lakini mtafute naibu mwingine. Mimi naenda kusoma."

Mkuu akajibu: "Haya, nimekusikia. Lakini mbona unanong'ona? Una mgonjwa?"

"Hapana, Mkuu. Kuna wanaokula hapa, sitaki waache."