Barua Tatu za Sista Agnela

Paskalina alikuwa fundi vigae, na kwa kazi hiyo alilala palipokuwa na kazi. Nyumba ikishaezekwa na kupigwa plasta, mwenye nyumba humwita. Yeye huingia na godoro lake, jiko la gesi na begi la vifaa, akajishikiza katika chumba kimoja kisicho na mlango, akapanga vigae vyumba vingine vyote mpaka amalizie na kile alicholalia. Kisha anahama. Mwaka huo peke yake alikuwa ameshakaa Kijenge, Njiro na Sakina mjini Arusha, na sasa yuko Makumira, kwenye nyumba ya mwalimu mmoja wa chuo aitwaye Eliud. Kila nyumba ilikuwa na kibao chake cha namba na jina la mtaa, lakini hakuna hata kimoja alichoweza kusema ndiyo anwani yake.

Mafundi wenzake hawakuona shida iko wapi, maana siku hizi nani anaandikiwa barua? Paskalina aliandikiwa. Mdogo wake Agnela, ambaye alimlea tangu mama yao, mzazi pekee waliyemjua, alipofariki na kumsomesha kwa vigae hivyohivyo, alikuwa mtawa wa ndani katika monasteri ya mkoa wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Masista wale hawatoki nje, na hakuna mwenye simu yake mkononi. Wanaandika. Kila baada ya miezi miwili au mitatu ilikuja bahasha ya kaki, kurasa nne zilizojazwa pande zote mbili kwa mwandiko mdogo ulioinama, na Paskalina aliisoma akiwa amekalia ndoo ya gundi, akimaliza anaanza tena.

Barua hizo zilipitia sanduku la posta la mkandarasi mmoja aliyewahi kumwajiri. Mhasibu wa pale alikuwa akimtunzia na kumtumia kwa bodaboda popote alipo. Mwanzoni mwa mwaka kampuni ile ilifungwa, wafanyakazi wakatawanyika, na hakuna aliyekumbuka kumwambia fundi vigae kwamba sanduku limerudishwa posta. Mwezi uleule akaibiwa simu kwenye jengo la Sakina, namba zote zikaenda nayo, ile ya monasteri ikiwemo. Akanunua laini mpya.

Februari ikapita bila barua. Pasaka ikapita. Paskalina alijua kwamba mdogo wake anakaribia nadhiri za milele, akajiambia huenda ndiyo kanuni yao, kwamba mtu akikaribia siku hiyo anaacha kidogo kidogo kuwaandikia wa nje. Hakutaka kumvuruga. Aliandika barua moja fupi ya salamu, bila kukumbuka kutaja namba yake mpya, jibu hakuliona, naye akaamua kunyamaza. Ila kazini alikuwa akikata kigae vibaya, jambo ambalo si la kawaida yake.

Wiki ya kwanza ya Agosti alishuka mjini kununua saruji nyeupe ya kujazia mistari. Pale dukani anapochukua vifaa siku zote, karibu na meza ya kulipia, palikuwa na karatasi imebandikwa. Imeandikwa kwa herufi kubwa za mkono: ANATAFUTWA PASKALINA FUNDI VIGAE. NINAZO BARUA ZAKE. ZINATOKA KWA SISTA. Chini kulikuwa na namba ya simu na mhuri wa duka la dawa za mifugo, Daraja Mbili.

Muuzaji, aliyemjua kwa jina la "fundi" tu, alishangaa kumwona ameganda. Akamweleza kwamba karatasi hiyo ina wiki mbili pale, na kwamba mzee aliyeileta hupita kila Jumatatu kuhakikisha haijabanduliwa. Alikuwa amebandika nyingine kama hiyo katika maduka manne ya vigae. Paskalina aliacha saruji yake juu ya meza, akapanda bodaboda moja kwa moja mpaka Daraja Mbili.

Mzee mwenyewe aliitwa Lomayani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Paskalina alipoingia, mzee alikuwa anabishana na mteja juu ya dawa ya kupe. Paskalina alingoja ubishi uishe.

"Shikamoo baba," alisema. "Mimi ndiye Paskalina."

Mzee alimtazama mikono kwanza, vidole vilivyoliwa na saruji, kisha ndipo akamtazama uso.

"Marahaba mwanangu. Umenizungusha mji mzima."

Akafungua droo, akatoa bahasha tatu zilizofungwa kwa mpira. Hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa. Akamkalisha Paskalina kwenye kiti nyuma ya kaunta, akamweleza jinsi ilivyokuwa. Sanduku lile alipewa yeye Januari, kwa ajili ya duka. Barua ya kwanza ilipokuja alitaka kuirudisha dirishani posta, lakini aliona nyuma imeandikwa monasteri, akaona haifai barua ya mtu wa Mungu kurudi kama imekataliwa. Ilipokuja ya pili, akaamua kumwandikia huyo sista. Yeye ni Mlutheri, alisema, na hajawahi kumwandikia sista yeyote. Rasimu aliichana mara tatu. Alimweleza kwamba huyo Paskalina hapatikani kwa sanduku hili, kwamba barua zipo salama, na kwamba angetaka kujua amtafute wapi. Jibu lilikuja mwezi Julai, na ndani ya bahasha yake kulikuwa na nyingine ndogo ya Paskalina.

"Aliniandikia kwamba hajui unakaa nyumba gani, na simu yako haipatikani," alisema Lomayani. "Akasema, ila yeye ni fundi vigae, na vigae lazima anunue mahali. Ndipo nikaanza na maduka."

Paskalina alizifungua palepale, kwa mpangilio wa tarehe. Ya Februari ilisema kwamba wakuu wake wamemkubalia, na kwamba ataweka nadhiri za milele siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tarehe kumi na tano Agosti. Ya Aprili ilieleza kwamba siku hiyo mtawa husindikizwa na wazazi wake mpaka mbele ya altare, na kwamba yeye jina aliloandika ni moja tu, la dada yake. Ya Julai ilikuwa fupi.

"Dada Paska, sijui kama hii itakufikia. Kama hutakuja nitajua ni barua, si wewe. Nimewaomba masista wasinitafutie mtu mwingine. Nitatembea na nafasi yako pembeni."

Paskalina alikunja karatasi, akaikunjua tena. Zilibaki siku tisa. Akaushika mkono wa yule mzee kwa mikono yake miwili, mzee naye akautazama mlango kana kwamba kuna mteja anaingia. Baadaye kidogo mkewe, Naipanoi, alitokea nyuma ya duka na kikombe cha chai ya maziwa. Alikuwa ameshaambiwa ni nani aliyekuja. Alimpangusa Paskalina machozi kwa ncha ya kanga yake kama anavyofutwa mtoto.

Ilibaki kumkabili Mwalimu Eliud, ambaye alipanga kuhamia na familia yake katikati ya mwezi huohuo. Paskalina alimweleza yote bila kuficha, akiwa tayari kuipoteza kazi. Mwalimu alisema wao wanaweza kuendelea kukaa Usa River, wanakoishi sasa, wiki mbili zaidi, na kwamba akifika monasteri amwombee mke wake, mguu wake una shida.

Alifika monasteri jioni ya tarehe kumi na nne. Masista walimpokea kwa maji ya moto na uji, na asubuhi wakamfunga kitenge walichokuwa wamekiweka tayari kwa ajili yake tangu mwezi wa nne. Agnela alipotoka na kumkuta amesimama mlangoni mwa kanisa, alimwendea moja kwa moja. Alimshika kiwiko, akakibana kwa nguvu, na hivyo ndivyo walivyotembea mpaka mbele, hatua kwa hatua. Agnela alipolitamka jina la marehemu mama yao katika sala, Paskalina aliitikia peke yake kwa niaba ya ukoo mzima.

Aliporudi Arusha alipita kwanza Daraja Mbili. Lomayani alikuwa ameshalifikiria jambo lile. Alimwambia atumie sanduku lake, barua ziandikwe jina la Paskalina, na chini yake maneno haya: kupitia kwa Lomayani, Dawa za Mifugo. Nyuma ya bahasha iwekwe namba ya simu ya duka. Yeye huenda posta kila Jumatatu, na kila Paskalina akihama amtumie ujumbe nyumba mpya iko wapi. Wiki hiyohiyo Paskalina alizunguka kila mahali anapoandikiwa, benki, mfuko wa hifadhi ya jamii, ofisi ya ardhi alikoomba hati ya kiwanja, akataka anwani ibadilishwe mbele ya macho yake na aonyeshwe kwamba imeingia.

Alitaka kuwapangia vigae dukani bila malipo. Lomayani alikataa katakata. Naipanoi alikubali, akachagua na rangi.

Barua iliyofuata ilikuja Oktoba, Paskalina akiwa Ngaramtoni kwenye nyumba nyingine. Simu iliita akiwa amepiga magoti, mkono mmoja kwenye gundi.

"Zimekuja mbili," alisema Lomayani. "Moja ni yako. Nyingine imeandikwa jina langu mimi."

"Basi fungua, baba."

"Nimeshafungua. Anauliza habari za nyumbani, za mke wangu, na ng'ombe wangu ni wangapi ili awaombee. Sasa njoo unisaidie. Mtu kama huyo ukimjibu unaanzaje?"

Paskalina alinawa mikono, akavua pedi za magotini, akatoka kutafuta usafiri.