Viduara Sita vya Hina

Kamaludin wa Kibokoni alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha kama kilivyo. Kufuli za makasha, saa za ukutani, vinanda vya santuri, vyote alivifungua, na vingi kati yavyo alivifunga tena vikafanya kazi. Duka lake lilikuwa chini ya nyumba yake mwenyewe, mlango mmoja na dirisha moja, na kwa miaka thelathini na minne watu walimletea humo vilivyokwama. Basi asubuhi moja, katika mwaka wa tatu wa vita, koplo Karisa, mtunza bohari ya silaha za polisi, aliingia akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa leso. Fundi hakungoja hata wamalize kuamkiana.

Ndani ya leso mlikuwa na kidude cha chuma cha duara, kiasi cha kifuniko cha kopo, chenye vishikio sita vyembamba vilivyojipanga kwa mzunguko. Kamaludin alikigeuza, akakinusa, akakitikisa karibu na sikio. Kwanza alisema ni cha kusimamishia vijiti vya udi. Kisha akasema hapana, ni cha kukatia vileja. Karisa alimwacha apotee kidogo, maana ilimfurahisha, halafu akamweleza kuwa ni kijazio cha bastola. Bastola ya askari ina gurudumu lenye matundu sita, na risasi hutiwa moja moja. Na mtu aliye katikati ya mapigano vidole vyake havina utulivu huo. Kijazio huzishika risasi zote sita kwa mpango ule ule wa matundu. Unazitumbukiza kwa pamoja, unakibonyeza mgongoni, nacho kinaziachia.

"Kinaziachiaje?" akauliza Kamaludin, na kwa saa nzima iliyofuata alikaa akikibonyeza na kukichungulia.

Shida ya Karisa ilikuwa hii. Bohari yake ilikuwa na bastola za namna tatu. Zilikuwako kubwa za vita vya kwanza, na vijazio vyake vilijaa sanduku zima. Zilikuwako ndogo mpya, arubaini, zilizofika mwaka uliopita, na hizo hazikuja na kijazio hata kimoja. Na zilikuwako chache za Kimarekani, ambazo hakuna aliyejua kwa nini zimeletwa. Kijazio cha bastola kubwa ukikipeleka kwenye ile ndogo ni kama kumvika mtoto kanzu ya babake. Barua zilikwenda Nairobi, zikavuka bahari, na jawabu likarudi kwamba vijazio vya bastola hizo mpya havipatikani popote. Karisa akamkumbuka fundi wa Kibokoni.

Kamaludin alimwambia ailete hiyo bastola aione. Karisa akacheka, kicheko cha mtu mwenye haya. Kile kijazio cha bastola kubwa alikitoa kwa kibali, lakini silaha haitoki bohari, na raia haingii. Hata kikaratasi chenye mchoro hakipiti langoni, kwa sababu ya vita na majasusi; askari wa zamu humpekua kila mtu mifuko hadi soksi. Yaani Kamaludin alitakiwa kutengeneza ufunguo wa kufuli asiyoruhusiwa kuiona. Mwingine angekataa papo hapo. Yeye mikono ilikuwa imeshaanza kumwasha.

Mkewe, Mwanabaraka, alikuwa nyuma ya pazia na maneno yote aliyasikia. Mwanabaraka alikuwa mpakaji hina wa maharusi, na hapo Mji wa Kale hapakuwa na bibi harusi wa maana aliyetoka bila kupitia mikononi mwake. Alikuwa na wasiwasi wa siku nyingi. Mumewe alikuwa akipapasa koleo iliyo mbele yake, na mwezi uliopita kekee ya kutobolea chuma ilimpitia kidoleni. Ndugu yake Mwanabaraka, Sheikhan, alikwisha kuliulizia duka aweke majora yake ya nguo. Karisa alipoondoka, Mwanabaraka alitoka akasema lililokuwa moyoni.

"Baba Tumu, mato yako yamechoka, nawe wajua. Tuwekeane ahadi. Kidude hichi kikikaa sawa, sitakwambia neno tena. Kisipokaa, funguo za duka wanipa mimi."

Kamaludin alikubali upesi mno, kwa kiburi, na hapo hapo akatupa jicho msumarini zilipotundikwa funguo. Duka lile ndilo lililomfanya awe mtu mbele ya watu. Bila hilo angekuwa mzee wa kukaa barazani na kuulizwa habari za mvua.

Mara ya kwanza Karisa alikuja na vipimo kichwani, alivyovipima kwa rula ya shule. Siku ya pili alikuja na vipimo vingine. Kamaludin alimwambia hataki hesabu za askari, anataka alama ya kitu chenyewe. Na alama itapitaje langoni? Walikaa wakinusa harufu iliyokuwa ikishuka kutoka juu, kwani Mwanabaraka alikuwa amevuruga hina ya arusi. Fundi akainuka kwenda kuomba kijiko kimoja.

Karisa aliichukua hina ile ndani ya kikopo cha dawa ya viatu. Akiwa peke yake bohari, alipaka midomo ya matundu ya gurudumu la bastola mpya, akaigandamiza katika kitanga cha mkono wake wa kushoto, akasubiri hadi ikauke. Langoni walimpekua mifuko na soksi. Mkono aliunyanyua juu kama kawaida, umekunjwa ngumi, na hakuna aliyemwambia aufungue. Alipopita Makadara, mwenye mkahawa aliona rangi, akamuuliza arusi ni lini na mbona hakualikwa. Karisa aliapa kimoyomoyo kwamba hatarudia tena.

Kamaludin aliuona mkono ule akafurahi kupita kiasi. Viduara sita, vyekundu, vimezunguka kama watoto wachezao. Aliuweka juu ya meza, akachukua ubao akaugandamiza juu ya ncha za vidole, akaunyoosha mkono mpaka mikunjo yote ikapotea, ndipo akainama na bikari yake, pua ikikaribia kugusa ngozi. Kazi ilimchukua siku tisa. Springi alizikata kutoka kinanda cha santuri kilichokufa, vishikio alivichonga kwa shaba, akavisugua kwa tupa hadi vikawa laini. Namna ya kuachia risasi aliifumbua siku ya tano, akainuka pale alipokuwa amekaa, akazunguka duka mara mbili peke yake.

Karisa alikipeleka bohari akarudi mchana, na uso wake ulisema kabla ya mdomo. Hakikuingia. Kilikuwa kimepanuka kwa unywele tu, lakini unywele huo ulitosha. Na zaidi ya hapo, mkubwa wake aligundua bastola yenye midomo myekundu, akatoa amri kali kwamba hina isionekane tena ndani ya bohari ya serikali.

Kamaludin hakujitetea. Alichomoa funguo mbili msumarini akapanda nazo ngazi, akazitia mkononi mwa mkewe. Mwanabaraka alitarajia moyo wake utulie, haukutulia. Alimwona mumewe ameketi kitandani kiatu kimoja mguuni, akamhurumia hadi akamwonea haya.

Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Baada ya swala ya alasiri mzee alishuka tena, akakaa na kile kijazio kibaya mapajani, akakizungusha kwa kidole. Lilikuwapo jambo lililokuwa likimkera. Akamwita mkewe, akamwita na Karisa, aliyekuwa bado kibarazani hana la kufanya.

"Mama Tumu, nieleze. Mato mabovu yangekosea huku na huku, kishikio kimoja ndani, kimoja nje. Hivi vimekosea sawasawa vyote sita. Vyote vimetoka nje kwa kiasi kimoja. Kosa gani lina adabu namna hii?"

Mwanabaraka alikuwa amelijua jawabu kabla hajamaliza kuuliza. Lilimjia pale pale, kutoka kwenye kazi yake mwenyewe. Funguo zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la leso yake, akazihisi zikimgonga kiunoni. Angenyamaza tu, duka lingekuwa la majora, na mume angebaki na vidole vyake vyote. Alimtazama. Mzee alikuwa amejisogeza mbele, amefungua kinywa kidogo, kama siku alipomwona mara ya kwanza akifungua kufuli ya kasha la mamake.

Akaketi, akauvuta mkono wa Karisa juu ya goti lake, akauacha ulegee.

"Ulipoibana ile bastola, mkono ulikuwa vipi?"

Karisa akasema ulikuwa umelala tu juu ya meza, yeye alikuwa akiangalia mlango.

"Basi. Hina iliingia mkono umelegea. Hapa ukaunyosha kama ngozi ya ngoma, na viduara vikatawanyika. Mimi bibi harusi simnyoshi mkono hata siku moja, maua yatapotoka akikunja vidole."

Kamaludin alicheka kwanza. Kisha kicheko kikamwisha, akasema polepole jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema. Aliunyoosha kwa sababu vile viduara hakuviona. Mikunjo ilimchanganya. Kwa hiyo kosa lilikuwa la macho yake kweli, kwa njia ndefu tu, na mkewe alikuwa na haki yake.

Mwanabaraka aliusogeza mkono wa Karisa kwenye mwanga. Hina ilikuwa imeanza kufifia, ikibaki rangi ya chai, na amri ya bohari ilikuwa imeshatoka. Hakungekuwa na alama nyingine. Akanyoosha mkono kwa mumewe, akamwomba bikari.

Alipima yeye, mumewe akachonga. Alimwambia ncha iko wapi, naye akapeleka tupa kwa kugusa, kwani vidole vyake havikuwa na ugonjwa wowote. Siku ya sita Karisa alirudi mbio, kofia mkononi, akasema kimeingia, na kimeachia zote sita kwa mpigo mmoja, na mkubwa amekibonyeza mara ishirini, kisha akauliza fundi ataweza kuvitoa vingine thelathini na tisa.

Kamaludin alimgeukia mkewe. Alikuwa akimsubiri yeye, maana funguo zilikuwa kwake na ahadi ilikuwa ahadi. Mwanabaraka alifungua pindo la leso, akazitazama zile funguo mbili. Moja akaitundika msumarini mahali pake. Nyingine akaifunga tena pindoni, akavuta kigoda akakaa mbele ya jiliwa la kubania chuma, upande wa dirisha penye mwanga.

"Haya, mwanangu," akamwambia koplo. "Na zile za Kimarekani, matundu yake yamekaaje?"