Unywele Katika Kipande Chekundu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Kulikucha na manyunyu, na upepo wa kusi ulikuwa ukigongagonga mabati ya kanisa kana kwamba kuna mtu juu anatafuta pa kuingilia. Watu wa Kisauni walitoka na masweta. Nilimshukuru Mungu kwa baridi ile, maana siku hiyo tulikuwa tunaunganisha mablanketi, na kushika sufu katika joto la Mombasa ni adhabu.

Kazi yetu ni hii. Kila mwanamke wa kikundi hufuma vipande vya mraba nyumbani kwake kwa sindano ya kroshia, kila kimoja kama kiganja kilichokunjuliwa. Unaanza na kitundu kidogo katikati, unazunguka, unazunguka tena, rangi juu ya rangi, mpaka pembe nne zitokee. Vipande vikitosha tunakutana katika chumba cha nyuma ya kanisa, tunaketi mkekani na kuviunganisha. Mablanketi tunayapeleka hospitali kwa watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Hao husikia baridi hata Mombasa.

Kapu la vipande lilikaa kwa Hawe Nyamvula. Sisi Wagiriama humwita bibi hawe, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Mimi ndiye niliyemleta kikundini. Vyumba tulivyopanga vimepakana, ukuta ni mmoja, na jioni tunakwenda pamoja kwenye kisomo cha watu wazima. Tunakaa dawati moja lililoundwa kwa ajili ya watoto, magoti yetu yakigonga ubao. Yeye mwaka huu amejua kuandika jina lake. Mimi nimefika kwenye insha. Nilijua kwamba alitoka vijiji vya ndani na kwamba hapa mjini hana mtoto wala ndugu. Zaidi ya hayo sikujua, na kichwa chake sikuwahi kukiona. Asubuhi au jioni, juani au kivulini, kanga yake ilifungwa mpaka juu ya nyusi.

"Hawe, hiyo kanga unaoga nayo?" Dhahabu alimtania tulipokuwa tukitandika mkeka. Dhahabu ni Mdigo wa Likoni aliyeolewa huku kwetu, Mwislamu, na huja kwa mapenzi ya kroshia tu. Tukianza kuimba tenzi yeye huendelea kuhesabu mishono yake.

"Naoga nayo, na nikifa mnizike nayo," Hawe akajibu.

Tulicheka. Hata Kanze alicheka, naye ni msichana asiyependa makelele. Alikuwa ameketi pembeni na mwanawe Mweri, aliyekuwa akitambaa katikati ya miguu yetu akivuta kila uzi anaouona. Mweri mwenyewe alizaliwa njiti, na wodi ile ndiyo iliyomlea mpaka akaweza kunyonya.

Gladys, mwenyekiti wetu, alichukua kipande chekundu kutoka kwenye kapu, akapitisha sindano pembeni ili akiunganishe na cha manjano. Sindano ilipotoka ilikuwa imenasa kitu. Alikivuta. Kikazidi kuja.

"Nini hiki?"

"Unywele," nikasema.

"Wako huo," Dhahabu akamwambia Gladys. "Wewe na hilo wigi lako la Jumapili."

Gladys hakucheka. Alikigeuza kipande, akakitanua mbele ya dirisha kwa vidole viwili. Mwingine ulikuwa humo. Na mwingine. Unywele ulioanguka kwa bahati mbaya hulala juu ya uzi, ukiupuliza unaruka. Hizi zilikuwa ndani. Zilikuwa zimezunguka pamoja na uzi, mshono kwa mshono, kutoka kitundu cha katikati mpaka pembeni.

Nikasikia tena mabati.

Hakuna mtu wa pwani anayehitaji kuelezwa. Nywele za mtu, zilizofungwa ndani ya uzi, ndani ya nguo atakayofunikwa mtoto mchanga. Woga huo tumeunyonya na maziwa ya mama. Mimi naomba nikiamka na naomba nikilala, na nilikuwa nikiamini kwamba mambo hayo nimeyaacha mbali, lakini mikono yangu ililitupa blanketi lililokuwa mapajani kabla akili haijaiamuru. Kanze alimnyakua Mweri kutoka mkekani, akamkumbatia mpaka mtoto akalia.

Gladys alishatoa simu. Alipiga picha, akaituma kwenye kundi la kanisa, huku akisema maneno kwa sauti kadiri alivyoyaandika. "Wapendwa, tuombeeni. Kuna mtu ameweka nywele kwenye blanketi la watoto. Huu ni uchawi." Kisha akainua kichwa, uso wake umepauka.

"Kapu hili linakaa kwa nani?"

Alijua. Sote tulijua. Macho yaligeuka kidogo kidogo, kama watu wasiotaka kuonekana kwamba wanageuka, yakatua kwa Hawe Nyamvula.

Alikuwa ameketi kando yangu, ameniegemea begani, maana mgongo humsumbua. Nikasogea. Sikusogea sana, upana wa kiganja tu, lakini alikuwa amenitegemea, akayumba na kuweka mkono sakafuni asianguke.

"Hata wewe, Mama Lewa?" akasema.

Nilifumba macho nikaomba, na ombi langu lilikuwa hili: Bwana, sema wewe mwenyewe. Usinitume mimi.

"Hawe, tueleze," Gladys akasema. "Hatukulaumu. Tueleze tu."

"Nieleze nini, mwanangu? Vipande mnanipa, navitia kapuni."

"Na usiku unakaa navyo peke yako."

"Gladys, muogope Mungu," Dhahabu akasema, lakini naye sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapo tulisikia pikipiki nje. Ya kwanza, kisha nyingine, kisha zikawa nyingi. Picha ilikuwa imetoka kanisani ikafika mtaani haraka kuliko mtu angeweza kukimbia. Garama, mume wa Gladys, ambaye sote tunamwita Baba Lucky, ndiye aliyekuwa mbele. Nilimtambua kwa sauti.

"Yuko humo? Mtoeni!"

Na nyuma yake mtu mwingine akatamka neno la kwetu, neno ambalo likishampata mzee halimtoki. "Mutsai! Mchawi atoke!"

Dhahabu aliruka akatia komeo mlangoni. Gladys alikodoa macho. Naamini hakuwa amefikiri kwamba picha ina miguu.

Hawe Nyamvula hakulia. Aliinua mikono yote miwili nyuma ya shingo, akafungua fundo la kanga, akaivua.

Nywele zake zilikuwa nyeupe pe. Hazikuwa mvi za hapa na pale kama za watu wengine. Kichwa chote kilikuwa kama pamba iliyopasuka mtini. Nilisikia pumzi za wanawake wote zikiingia kwa mara moja, na yangu ikiwemo.

"Haya," akasema. "Ndicho nilichokuwa naficha. Ndugu yangu Mwarandu alikuwa na kichwa kama hiki. Mvua zilipokosekana kijijini kwetu, kisha ng'ombe wa mtu wakafa, walisema mwenye mvi ndiye mchawi. Walikuja na mapanga mchana, jua linawaka, na waliokuja tuliwalea sisi. Nilipita nyuma ya nyumba nikakimbia na kanga mbili. Moja ndiyo hii."

Alikunja kanga mapajani vizuri, ncha kwa ncha, kama mtu anayefunga safari.

"Mvi!" mmoja wetu akanong'ona. "Kumbe ana mvi zote hizo!"

"Enhe, mvi!" Dhahabu akadakia, na safari hii sauti yake ilikuwa imerudi. Alimpokonya Gladys kipande chekundu, akavuta unywele, akauweka juu ya kiganja chake mbele ya nyuso zetu. "Nyinyi mna macho au mna vifungo? Huyu kichwa chake ni cheupe pe. Huu unywele ni mweusi ti! Wallahi, umetoka wapi kwake?"

Nje mtu aligonga mlango kwa kitu kizito. Niliutazama ule unywele, kisha uzi wenyewe, na hapo ndipo nilipoona kwamba uzi ulikuwa na mawimbi. Uzi mpya wa soko la Kongowea hunyooka. Huu ulikuwa umejikunjakunja kama kitu kilichokaa muda mrefu kimesokotwa.

"Ni zangu," Kanze akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, tukafikiri anambembeleza mtoto. Akarudia.

"Nywele ni zangu. Kipande ni changu."

Alivua kitambaa. Majuma mawili nyuma Kanze alikuwa amesuka mabutu mekundu kwa ule uzi wa sufu ambao wasichana husukia nywele, yamempendeza, na Dhahabu alikuwa amemwita malkia. Sasa kichwa kilikuwa kitupu, nywele fupi zimesimama, hazijachanwa.

"Baba Mweri hana kazi tangu Pasaka," akasema. "Kila mtu alikuwa analeta vipande. Mimi ndiye ambaye mwanangu alilala wodi ile, mimi nije mikono mitupu? Uzi sikuwa nao. Nilikuwa nao kichwani tu. Nikafumua nikaufua kwa sabuni, nikaufua tena. Nilidhani nywele zimetoka zote."

"Mbona hukusema?" Gladys akauliza. "Kanze! Mbona ulinyamaza?"

"Ulisema ni uchawi," Kanze akajibu, na sasa alikuwa analia. "Mwenyekiti umesema ni uchawi, mimi nitasema ni nywele zangu?"

Hata leo nikikumbuka napigwa na butwaa upya. Tulikuwa wanawake wa sala, chumba kizima, na zawadi bora kuliko zote iliyoingia katika lile kapu ndiyo tuliyotaka kumfukuzia bibi kizee. Hawe alinyoosha mkono, akamshika Kanze kichwani.

"Mwanangu," akasema, "uzi wa kichwani huchambuliwa kwanza kwa kitana. Sabuni haitoshi." Kisha akanyanyuka kwa kujikongoja. "Mimi naenda. Neno limeshatoka nje."

"Huendi popote," Gladys akasema. Akatoa komeo yeye mwenyewe, akasimama mlangoni, nasi tukatoka nyuma yake kwenye manyunyu.

Uani palikuwa pamejaa. Vijana wa pikipiki, wauza mboga, watu ambao sikuwahi kuwaona kanisani. Kijana mmoja alikuwa ameshika nondo, nayo ndiyo iliyokuwa ikigonga mlango. Gladys aliinua kipande chekundu.

"Nimekosea!" akapaza sauti. "Picha niliituma mimi, na nimekosea. Nywele ni za Kanze, huyu hapa. Alifumua kichwa chake apate uzi. Hakuna uchawi. Baba Lucky, waambie watu waende."

Garama alimtazama mkewe, akamtazama Kanze na kichwa chake. Mabega yalimshuka.

"Kwa hiyo ni mabutu?" akauliza.

"Ni mabutu, baba," Dhahabu akajibu. "Mmeacha kazi zenu kuja kupigana na mabutu."

Baadhi walicheka. Kijana mmoja aliwasha pikipiki. Nilianza kumshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Lakini mwenye nondo hakusogea. Alikuwa anamtazama Hawe, aliyesimama mlangoni kichwa wazi.

"Nywele za uzi tumeelewa," akasema. "Na hizo mvi je? Mbona alikuwa anazificha?"

Kicheko kikafa. Niliwaona watu wakitazama kile kichwa cheupe, nikaona lile neno likirudi machoni mwao bila kutamkwa. Leo wangekwenda. Lakini siku mtoto wa mtu atakapopata homa, au mtungi wa gesi utakapolipuka, wangekumbuka chumba kilicho karibu na changu.

Niliomba tena: Bwana, sema wewe. Na nikaelewa, kwa mshtuko ulionipanda kutoka miguuni, kwamba hakuna mwingine pale uani aliyekuwa na jibu la swali lile. Mimi nilikuwa nalo.

Nilikwenda nikasimama kando ya Hawe, bega kwa bega, nikaliegemeza langu kwake. Nikavua kilemba.

"Mnanijua," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilifika. "Mimi ni Mama Lewa. Wengi wenu nimewauzia maandazi mkienda shule. Mnauona huu weusi? Ni wa dukani. Kila mwisho wa mwezi nafunga mlango napaka kanta, na mkiniuliza nasema ni urembo. Uongo. Napaka kwa kuwaogopa nyinyi. Kichwani mwangu nina mvi kama za huyu."

"Mama Lewa!" Gladys akasema nyuma yangu.

"Huyu ameuliza kwa nini Hawe alificha. Alificha kwa sababu ninayofichia mimi, na mama zenu, mkienda nyumbani mkawakague." Yule kijana akateremsha nondo ardhini. Mvua ilikuwa ikinitiririka usoni. Nilinyoosha mkono juu kama tunavyofanya kanisani. "Sasa nisikilizeni nyote, nawe Garama uwe shahidi, na wewe mwenye nondo uwe shahidi. Mbele za Mungu na mbele zenu naahidi: kanta sipaki tena mpaka naingia kaburini. Nitapita hapa kila siku kichwa wazi, mzione zikitoka. Na siku mtakayomfuata Hawe Nyamvula kwa ajili ya mvi zake, mtagonga mlango wangu kwanza."