Gitaa la Amastan na Mkeka wa Tekfa

Tulikuwa tumeshaipita pampu ya mwisho ya mafuta ya Tamanrasset, gari limeshaacha lami, ndipo Bakka alipoupiga usukani kwa kiganja na kusema waya mrefu wa gitaa umebaki dukani, juu ya friji.

"Turudi," Amastan akasema.

"Nirudi wapi? Nikirudi mke wangu atanipakilia mama yake, na yule akishapanda tutasimama kila kichaka. Waya mfupi upo."

"Mfupi kiasi gani?"

"Unamtosha mtu mwenye adabu."

Basi tukaenda. Mimi nilikaa nyuma, nimeikumbatia spika iliyofungwa blanketi, huku mbuzi wawili wa zawadi wakinikanyaga miguu. Spika ilikuwa ya Bakka, gitaa la Amastan. Kazi yangu ilikuwa kuchomelea nyaya zinapokatika, na huko nyaya hukatika sana kwa sababu ya mchanga.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Amastan alimtaka Raisha, binti mdogo wa mama mmoja aitwaye Tekfa, na Raisha alikuwa ameshakubali tangu mvua za mwaka uliopita. Tekfa hakuwa ameulizwa. Hakuna aliyethubutu kumuuliza, kwa sababu kwenye arusi moja kule Abalessa alimsikia Amastan akipiga gitaa la umeme kwenye spika hiyohiyo, akainuka katikati ya wimbo, akakunja mkeka wake na kusema mbele ya watu, "Huyo ngamia, kama mnamchinja, mchinjeni upesi." Maneno hayo yalizunguka makambi yote. Na Tekfa si mtu wa kusema ovyo kuhusu sauti. Yeye hupiga imzad, ile fidla ya uzi mmoja ambayo kwetu hupigwa na wanawake tu, na akiishika, wanaume huacha hata kukohoa.

Sasa alikuwa anamwoza binti yake mkubwa, na alikuwa ameagiza: mwiteni yule wa ngamia aje apige. Hakuna aliyejua kama ni huruma au ni mtego. Amastan alikuwa ameamua. Tekfa akikaa mpaka wimbo wa mwisho, yeye Amastan atatuma wajomba zake wakapose. Akiinuka tena, hatatuma mtu. Ndiyo maana lile la umeme aliliacha nyumbani akachukua gitaa kavu, la mbao tupu, nami nikalibandika kinasa sauti kidogo cha kuipeleka sauti kwenye spika, chini ya kidaraja cha nyuzi.

Tulifika kambini kwa Tekfa, kule korongoni, adhuhuri, tukafunga vitu mbele ya mikeka iliyotandikwa kwa ajili ya wanawake. Amastan akagusa nyuzi, ikatoka sauti ya mtu anayegonga bati. Bakka alikuwa ameshavizungusha vifundo vyote vya spika mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Toa mwangwi," nikamwambia.

"Bila mwangwi watadhani tumefilisika."

"Toa, Bakka."

Akatoa, kwa manung'uniko. Besi ilikuwa inaunguruma kwa sababu sanduku la gitaa lenyewe lilikuwa linatetemeka pamoja na spika, basi tukaipunguza. Sauti za kati zilikuwa zinalia kama bata, nazo tukazishusha. Nyembamba tukaziacha kidogo, ili kidole kisikike. Spika ilikuwa juu ya sanduku la chuma, na sanduku likawa linaimba wimbo wake. Tukaihamishia juu ya magunia ya tende, ikatulia. Mwisho nikakata soli ya ndala iliyoachwa pale, nikaichonga mviringo na kuliziba nayo tundu la gitaa.

"Ndala ya nani hiyo?" Amastan akauliza.

"Ya bwana arusi," Bakka akasema. "Leo hana pa kwenda."

Tatizo lilibaki la waya. Nilitaka spika iwe mbele, kati ya mpigaji na wanawake, iitupe sauti mbali naye. Waya haukufika. Ikabidi spika ikae nyuma yake, karibu kabisa. Hapo kilichotuokoa kilikuwa mgongo wa Amastan: mradi anawatazama wanawake, mwili wake unaikinga spika isilipulizie gitaa, maana gitaa likiinasa tena sauti yake lenyewe, spika hupiga yowe. Nikaenda kukaa kwenye mikeka, nikamwambia apige. Nikasikia mbao. Nikasikia ngozi ya kidole ikiteleza kwenye uzi. Nilikuwa sijawahi kusikia spika ya Bakka ikisema ukweli.

Raisha akapita na birika. "Bakka, leo ngamia mmemwacha mjini?"

"Yuko ndani ya spika, amelala. Usimwamshe."

Raisha hakumtazama Amastan, na Amastan hakumtazama Raisha, na kila mtu aliona hawakutazamana.

Alasiri wanawake wakakaa, na wapiga ngoma kando ya Amastan. Amastan akaanza, na kufikia ubeti wa pili walikuwa wameshaanza kupiga makofi na vigelegele. Tekfa hakuwepo, alikuwa hemani na bibi arusi. Kisha akatoka na mkeka wake chini ya kwapa. Wanawake wakampisha katikati, mbele kabisa, akatandika, akakaa. Alikuwa uso kwa uso na Amastan.

Mwanamume kwetu hali chakula mbele ya mama wa mwanamke anayemtaka, sembuse kumfungulia mdomo na kumwimbia. Amastan akakivuta kilemba mpaka chini ya macho. Kisha, mkono haujaacha nyuzi, akajizungusha palepale alipokaa mpaka akawapa wanawake mgongo. Gitaa likaitazama spika.

Spika ikapiga yowe. Mbuzi mmoja akakata kamba, na mtoto fulani akaanza kulia kwa pumzi moja ndefu.

"Besi hiyo!" Bakka akapaza sauti, akazungusha. Yowe likawa nene. Akazungusha kingine, likawa jembamba kama sindano.

Mimi nilijua, na punde Bakka naye akajua, nikamwona anakuna shingo. Lakini ungemwambiaje ageuke? Kumwambia geuka ni kumuuliza mbele ya watu kwa nini aligeuka. Bakka akashusha sauti yote. Yowe likakoma, na gitaa likakoma nalo, wanawake wakawa wanapiga makofi ya wimbo usiokuwepo, mpaka nayo yakaisha.

Tekfa akasema, bila kupaza sauti, "We mwenye spika."

"Naam, mama."

"Huyo kijana nimemkosea nini?"

"Hujamkosea kitu, mama."

"Sasa mbona ananikwepa kama mkwe?"

Kisha bibi mmoja pembeni akapasuka kicheko, kikapita kwenye mikeka yote. Raisha akaweka birika chini, akaingia hemani na kushusha pazia. Amastan hakusogea. Tuliona kisogo cha kilemba chake tu.

Tekfa akasimama. Kicheko kikakatika. Akainama akaukunja mkeka, akauweka kwapani.

"Basi," Bakka akaninong'oneza. "Imekwisha."

Tekfa hakuelekea hemani. Alizunguka kwa mwendo wake wa taratibu, akawapita wapiga ngoma, akaipita spika, akatandika mkeka nyuma yake, akakaa. Sasa alikuwa tena mbele ya macho ya Amastan. Amastan akageuka upesi. Akawaangalia wanawake, mgongo kwa Tekfa, mgongo kwa spika.

"Pandisha," Tekfa akamwambia Bakka. "Huku nyuma hakufiki kitu."

Bakka akapandisha, kidogo kidogo, akiuma ulimi. Haikulia. Gitaa likatoka kama tulivyoliacha mchana, na makofi yakarudi.

Nyuma ya spika ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kusikilizia. Unapata mngurumo wa sanduku na mabaki. Tekfa alikaa hapo mpaka wimbo wa mwisho, mikono magotini. Ulipoisha akaukunja mkeka, na alipotupita akamwambia Bakka, ili amwambie yule asiyeweza kuambiwa, "Uzi wa tatu umelegea tangu mwanzo."

Wajomba wa Amastan walikwenda baada ya mavuno ya tende. Mara ya kwanza Tekfa aliwanywesha chai akawarudisha, akisema mwaka ni mkavu. Mara ya pili alikubali. Amastan na Raisha wana watoto, na Amastan anaendelea kupiga arusini. Hakukaa uso kwa uso na Tekfa hata siku moja, mpaka Tekfa alipofariki, mwaka wa mafuriko. Imzad ilimwendea Raisha, ambaye haipigi. Bibi arusi wa siku ile aliachana na mumewe akahamia Djanet. Bakka aliisahau spika kwenye mvua. Sasa anauza friji. Waya mrefu umefungwa uani kwake, mama mkwe anaanikia nguo. Mimi nilishuka Agadez na lori la chumvi.