Maua Manne ya Ermance

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu kijijini Vaudreval aliyewahi kumwona Anthelme Vasseur akiruka siku bila kuchora. Kengele ya misa ya kwanza ikilia, yeye alikuwa ameshatoka, sanduku la rangi begani, kigoda kwapani, anaelekea mtoni. Alichora ile miti mirefu ya ukingoni, alichora kinu, alichora ng'ombe wa jirani na mawingu juu ya ng'ombe. Adhuhuri alirudi, akanywa supu bila kuvua koti, kisha akajifungia katika chumba cha upande wa kaskazini, ambako mwanga hautikisiki, akachora maua mpaka giza limkataze. Asubuhi nje, alasiri ndani. Hivyo tangu aliporithi nyumba ya shangazi yake na kuacha ukarani.

Picha zilijaa dari, zikashuka ngazini, zikafika jikoni. Nyingine mkewe Ermance aliziba nazo banda la kuku, na Anthelme hakugundua. Kilabuni wanaume walimcheka: "Siku Vasseur akifa mto utakauka, maana yeye ndiye anayeujaza." Mwenyewe akisikia alitabasamu tu, kesho yake akatoka tena.

Hazikuwa picha mbaya, na ubaya wake ulikuwa hapohapo. Mti ulikuwa mti, ua lilikuwa ua, na ukishaziangalia ulikuwa umeshazisahau. Ermance alilijua hilo kabla ya mtu yeyote. Zamani, walipokuwa bado vijana, alikuwa akimbebea kigoda na kukaa nyasini akimtazama, na kila picha ilipokamilika moyo wake ulishuka kidogo. Hakumwambia. Huwezi kumwambia mtu anayeamka alfajiri kila siku kwa ajili ya kitu kimoja kwamba kitu hicho hakimpendi.

Maua aliyochora Anthelme yalitoka bustanini kwa Ermance. Yeye alipanda, akapalilia, akafukuza konokono kwa mikono. Mume akaja na mkasi wa jikoni akakata lile linalompendeza, akaliweka kwenye jagi mpaka likaoza, kwa sababu picha haijaisha na ole wake atakayeligusa. Nyumba ilinuka maji ya maua yaliyokufa. Binti yao, Apolline, alipokufa kwa ugonjwa wa koo akiwa na miaka tisa, Anthelme alichora maua yaliyokuwa juu ya jeneza. Kesho yake tu, alasiri, kama kawaida. Watu walisema ana roho ngumu. Ermance aliwajibu kwamba sivyo, kila mtu ana mahali pa kuweka mikono yake. Lakini picha ile aliigeuza uso ukutani.

Kisha akatafuta na yeye mahali pa kuweka mikono yake. Alianza kupanda maua ya dahlia kwa mbegu.

Anayepanda dahlia kwa kiazi anapata ua lilelile la mwaka jana. Anayepanda kwa mbegu hajui atapata nini. Kila mbegu ni mtoto mwingine kabisa. Ermance aliotesha miche sitini, akang'oa hamsini na tisa. Ule mmoja ulitoa ua ambalo hajapata kuliona: moyoni lina wekundu wa kuiva, kama zabibu iliyokamuliwa, halafu wekundu ule unapauka taratibu kuelekea nchani, hadi petali za nje zinakuwa na rangi ya maziwa yaliyodondokewa na kahawa. Miaka saba alilitunza. Kila vuli alichimba viazi vyake kabla ya baridi, akavilaza kwenye mchanga katika ghala la chini. Kila masika akavirudisha ardhini. Vingine vilioza, vingine vililiwa na panya. Mwaka wa saba ulibaki mmea mmoja tu, lakini mmea mnene, wenye afya, na Ermance akaona sasa wakati umefika.

Kila Septemba kulikuwa na maonyesho ya maua mjini. Anayeleta ua jipya alitakiwa aweke mezani matatu yaliyo sawa, kila moja kwenye bua la urefu kuanzia kiwiko hadi kiganja. Majaji wakilikubali, liliandikwa kitabuni kwa jina alilolichagua mwenyewe. Jina Ermance alikuwa nalo. Hakumtajia mtu. Alinyofoa vitumba vyote vya mmea ule akaacha vinne, ili nguvu yote iende huko. Matatu ya majaji, moja la tahadhari.

Jumapili ya maonyesho kulipambazuka na mvua. Ermance alikwenda kwa jirani yake Sidonie, muuza jibini, kuomba gari la punda. Walikunywa kahawa bakuli moja moja, wakasubiri mvua ipungue.

"Leo utawatia adabu, shoga," Sidonie alisema. "Yule mtunza bustani wa wakili miaka minne mfululizo analeta yale madubwana yake ya njano, kama mayai ya kukaanga."

"Ngoja tuone," alisema Ermance, lakini alikuwa anacheka.

Alipofika bustanini na kapu lake, aliona kwanza majani, kisha mabua, kisha hakuona kitu. Alidhani amekosea tuta. Akainama. Mabua manne yalikuwa yamekatwa juu kabisa, na maji ya mmea bado yanatoka kwenye jeraha.

Alijua. Mvua ikinyesha asubuhi Anthelme hakwenda mtoni. Alichora maua siku nzima.

Alimkuta katika chumba cha kaskazini, amesimama mbele ya kanvasi, shati nje ya suruali. Maua manne yalikuwa kwenye jagi fupi la udongo.

"Anthelme. Umefanya nini?"

"Usisimame hapo, unaniziba mwanga."

"Umekata maua yangu."

"Mvua ilikuwa inayavunjavunja, mama. Wewe mwenyewe ungelia. Hebu ona hili la kushoto linavyojiinamia, ona!"

"Leo ni maonyesho."

"Maonyesho gani?"

Ermance alishika mlango. "Nilikwambia Jumanne. Nikakwambia Alhamisi, kijiko kiko mdomoni mwako. Jana nimekwambia huku nimekushika mkono, Anthelme, hivi, nimekushika mkono. Ukasema, 'Sawa, mama, sawa.'"

Mzee aliyatazama maua, akamtazama mkewe, akayatazama tena maua. "Basi si haya hapa? Nipe saa mbili. Saa mbili tu, halafu uyachukue yote. Sijayala."

Ermance alilichomoa moja majini. Bua lilikuwa fupi kama kidole. "Wanataka bua la kiasi hiki," akamwonyesha kiwiko chake na kiganja chake. "Hili nikawape waweke wapi? Kwenye tundu la kifungo?"

"Jagi lenyewe ni fupi," alisema Anthelme. Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anaeleza.

"Lilikuwa liitwe Apolline."

Brashi ilisimama hewani. Mara ya kwanza asubuhi ile mume alimtazama kweli, na uso wake ukalegea, ukawa uso wa mzee. "Hukuniambia hilo," alisema.

"Hilo moja sikukwambia."

Ermance alisubiri. Baadaye alikiri moyoni kwamba angepokea chochote: neno baya, kilio, hata kama angetupa tu ile brashi sakafuni. Nje wingu lilipasuka kidogo, mwanga mweupe wa baada ya mvua ukaingia chumbani, ukakaa juu ya maua. Anthelme aliuona. Mkono wake, kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini bila kuswagwa, ulirudi kwenye kanvasi.

"Lirudishe ulipolitoa," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba. "Tafadhali, mama. Nalihitaji lile, kivuli chake."

Naye akalirudisha. Mpaka anaingia uzeeni hakuweza kujieleza kwa nini alilirudisha.

Mjini alikwenda hivyohivyo, kwa sababu punda alikuwa ameshafungwa na Sidonie ameshavaa viatu vyake vizuri. Njiani Sidonie alitukana kwa niaba ya wote wawili. "Wangu akinigusia jibini siku ya soko, nampunguza vidole. Nakuapia."  Ukumbini Ermance aliikuta nafasi yake mezani: kadi yenye namba kumi na moja, chombo cha maji kimejazwa tayari. Mkuu wa majaji, mtu wa heshima zake, alivua kofia. "Madamu Vasseur, tulikuwa tunakusubiri wewe."

"Mwaka huu hayakutoka, bwana," alijibu.

Mayai ya kukaanga yalishinda mara ya tano.

Aliporudi jioni, taa bado haijawashwa, Anthelme alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, mikono magotini. "Njoo uone," alisema. Hakuwa na furaha usoni. Alikuwa kama mtu aliyetishwa.

Ermance hakutaka kuona, akaona. Alijua mara moja. Maua yale yalikuwa yanapumua. Wekundu wa moyoni ulikuwa unapauka kuelekea nchani polepole, kwa namna ambayo ungedhani ukiacha kutazama yatasogea. Lile alilolichomoa na kulirudisha lilikuwa limekaa upande, limeinamisha kichwa, kama mtoto aliyekaripiwa. Kwa miaka ishirini na miwili aliombea picha moja, moja tu, iwe hivi, kwa ajili ya mume wake. Sasa ilikuwa mbele yake. Ingekuwa mbaya angeweza kusamehe. Angesema, mzee wa watu, kaharibu bure. Lakini alikuwa ameharibu akapata.

"Nzuri," alisema, akaenda kuwasha moto.

Picha ilipelekwa mji mkubwa wa Rouen. Mtu mmoja wa sanaa aliyekuwa amepanga katika nyumba ya wageni aliiona, akaibeba mwenyewe mikononi mpaka kwenye treni. Ikatundikwa, ikasifiwa gazetini. Kasisi aliisoma habari ile kwa sauti baada ya misa, na kilabuni wakaacha kumcheka Anthelme. Wakaanza kumsogezea kiti. Yeye alizipokea sifa kwa aibu, asubuhi akaenda mtoni kama kawaida.

Ikafika siku ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, wakati ambapo kila mwenye dahlia huchimba viazi vyake kabla jalidi, ule umande wa barafu, haijavigeuza uji. Ermance alitoa uma wa shambani, akasimama kando ya tuta. Alisimama muda mrefu. Sidonie, aliyekuwa ng'ambo ya uzio, alimpigia kelele, "Chimba, shoga, usiku wa leo baridi inakuja!" Ermance alipangusa uma kwa nyasi, ingawa haukuwa na udongo, akaurudisha bandani.

Wiki mbili baadaye akaja mfanyabiashara wa mbegu na viazi vya maua, kutoka mbali, mwenye koti la manyoya na adabu nyingi. Alikuwa ameiona picha.

"Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, bwana Vasseur, na dahlia ile siijui. Umeitoa wapi?"

"Ya mke wangu. Hupandapanda pale nyuma," alisema Anthelme kwa ukarimu. "Mama! Mwonyeshe bwana."

Ermance alijifunga shali, akamtangulia. Tutani kulikuwa na kitu cheusi, chororo, kimelala chini. Yule bwana alichuchumaa na koti lake zuri, akaingiza vidole udongoni, akavitoa vimejaa ute.

"Hukuvichimba?"

"Sikuvichimba."

Mfanyabiashara alimtazama kutoka kule chini, naye alikuwa mtu wa maua, akaelewa kwamba hapa hakukuwa na usahaulifu. Hakuuliza zaidi. Alisema tu, "Pole sana, mama," na hiyo ndiyo pole pekee aliyowahi kupewa kwa jambo lile. Anthelme alikuwa amesimama mlangoni bila kofia. Aliangalia tuta, akamwangalia mkewe, na safari hii hakuangalia kitu kingine.

Siku ile, wakila, Anthelme alisema, "Nilikukosea."

"Ndiyo."

"Lakini mwanga ule, Ermance, laiti ungeuona..."

"Niliuona. Nilikuwa nimesimama ndani yake."

Masika yalipofika Ermance alipanda vitunguu, viazi vya kula na kabichi, ukuta mpaka ukuta. Anthelme hakulalamika. Asubuhi alichora mto. Alasiri alichora kabichi, na maua ya porini aliyookota njiani, na siku moja hata mafagio. Kisha akaanza kujaribu kuzichora zile dahlia kwa kumbukumbu. Picha yenyewe ilikuwa imenunuliwa na mtu wa mbali. Hakuwa na pa kuangalia. Alichora, akakwangua, akachora. Yakatoka maua tu, kama yale yote ya zamani, ya kuangalia na kusahau. Watu wa Rouen waliandika mara mbili kuuliza kama ana kazi nyingine inayofanana na ile. Mara ya tatu hawakuandika.

Aliendelea miaka sita mingine, bila kuruka siku, mpaka macho yakaanza kumfifia. Alasiri moja alikuja jikoni, jambo ambalo hakulifanya mchana, ameshika ubao wake wa rangi. Juu yake kulikuwa na vipande kumi au kumi na viwili vya wekundu, kila kimoja tofauti kidogo na mwenzake. Ermance alikuwa anamenya viazi.

"Mama, yale maua," alisema. "Pale katikati kabisa, moyoni. Wekundu wake ulikuwaje hasa? Ni huu? Au huu hapa?"

Ermance alitazama. Alikuwa amelilea lile ua miaka saba. Angeweza kulipaka rangi gizani. Ulikuwa wa nne kutoka kushoto, uongezewe kahawia kidogo, tone tu, si zaidi.

"Sikumbuki, mzee," alisema.

Anthelme akasubiri kidogo, kama mkewe atakumbuka. Kisha akarudi chumbani kwake na ubao ule, akitembea polepole, akiushika kwa mikono miwili ili rangi zisichanganyike.